Vifungo vya Mgongoni

Nyumbani
Jumanne, 5 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Shuleni tulifundishwa kuulizana hali nusu ukurasa kabla ya kusema jambo, lakini wewe utaruka mpaka chini kutafuta habari, kwa hiyo nakupa habari: nimepata kazi. Napigwa picha.

Najua umeshaanza kucheka. Ningekupigia simu, lakini unajua simu na mimi. Ukisema haloo tu naishiwa maneno, halafu Mama ananinyang'anya aanze kukusimulia bomba lililopasuka. Kwenye karatasi nakuwa mtu.

Ilikuwa hivi. Mama alinituma kwa fundi wake wa nguo, lile jengo nyuma ya benki. Juu ya fundi kuna studio. Kwenye ngazi nikakutana na mwanamke aliyevaa mkanda wa pini mkononi kama saa. Akanishika mabega, akanigeuza mbele na nyuma kama mtu anayenunua mlango, akasema mabega haya yatakaa kwenye koti, njoo juu. Wanamwita Mama Pini. Ndiye mtunza mavazi. Anasema anakufahamu, mlifanya kazi pamoja kabla hujajiunga na kundi lenu la maigizo.

Siku ya kwanza niliaibika. Nilijipaka mafuta mikono mizima, nikijua naenda mahali pa maana. Aliponipa blauzi nyeupe aliniangalia viganja, akairudisha kwenye hanga. Akasema mbele ya wote kwamba nguo zile si zetu, zimeazimwa dukani na kesho zinarudi dukani kuuzwa, na hakuna mtu anayenunua blauzi yenye alama za vidole vyangu. Nikanawa mpaka ngozi ikakwaruzika. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nifundishe, Dada. Adabu zote za nguo za watu. Wengine wanajua, mimi naiga.

Jambo moja usimwambie Mama. Mpiga picha, mzee mwenye sauti nzito, alitupanga mstari akauliza nani ana ugonjwa wowote, presha, kifafa, pumu, aseme sasa. Wasichana wakacheka. Mimi nikaangalia viatu. Lakini pampu yangu ya pumu iko kwenye mkoba kila siku, na mkoba uko karibu.

Mdogo wako,
Kasuku


Safarini na kundi
Jumatatu, 11 Machi

Kasuku wetu,

Nimecheka, ndiyo. Baba alikuita Kasuku kwa sababu ulifika miaka minne hujaomba hata maji, na leo mtu anakutoa ngazini kwa kimya hicho hicho. Angekuwepo angesimulia mtaa mzima.

Haya, sikiliza. Usijipake mafuta, usijipulizie manukato, usivae cheni wala pete inayokwaruza. Chupi na sidiria ziwe za rangi ya ngozi yako, zisizo na mapambo, kwa sababu taa za studio zinaona kila kitu. Ukivaa nguo ya kupitisha kichwani, kwanza funika uso wako kwa kitambaa chepesi, maana poda ya usoni ikigusa kola hiyo nguo ni msiba. Ukiweza kuingia kwa miguu, ingia kwa miguu. Usikate lebo, ifiche. Viatu vyao vimebandikwa karatasi chini ya soli, kwa hiyo usivitoe nje ya zulia la picha. Hukai, huegemei, huli. Unakunywa maji kwa mrija, umeinama mbele. Ukimaliza, nguo hairushwi kitini. Unaikabidhi mkononi kwa mtunza mavazi, imetazama mbele, zipu imefungwa. Na ukiichafua, unasema hapo hapo. Mkoba wako wenye kalamu na vitu vyako vya kunata usikaribie nguo hata kidogo.

Kwa ufupi, ukiwa ndani ya nguo ya watu wewe ni hanga lenye adabu.

Sasa hilo la pumu. Humwambii mpiga picha, mwambie Mama Pini. Ana sura ya mtu aliyetafuna ndimu, lakini anasikia. Mvute pembeni, sema maneno mawili, basi. Hata wewe maneno mawili unayo.

Dada yako


Nyumbani
Jumatano, 20 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeikariri kama shairi la mtihani. Kitambaa cha kufunika uso nimekata kutoka shela ya zamani ya Mama, nimekipinda kingo. Sasa wasichana wengine wanakiazima kwangu.

Kuna mmoja tunamwita Twiga, mrefu, mcheshi, anaongea na kila mtu hadi mafeni. Wiki jana alikula amevaa gauni la njano. Alijifunga taulo, akasema yeye si mtoto. Tone moja la mchuzi likapita pembeni ya taulo kama lililotumwa. Mama Pini hakupiga kelele. Alimvua gauni kimya kimya, akampa Twiga nguo zake za nyumbani, akamfungulia mlango. Amerudi baada ya siku tatu, na sasa anakula akiwa amesimama karibu na choo.

Mimi siku hiyo nilisimama mchana wote juu ya shuka, mikono mbali na mwili, mpaka waliokwenda kula wakarudi. Mama Pini akanizunguka, akaangalia kwapa, akaangalia pindo. Akamwambia mpiga picha: "Huyu anajua."

Dada, hakuna mtu aliyewahi kusema hivyo juu yangu. Shuleni waliniandikia "ajitahidi kuchangia darasani" kila muhula. Pale studio nikiwa nimevaa sihitaji kuchangia. Wanasema wao: mkono wake, shingo yake, mgeuze. Mimi napumzika.

Ile habari nyingine nilijaribu. Nilimfuata Mama Pini mezani pa pasi. Alikuwa na pini nne mdomoni, akaniuliza kwa nyusi nataka nini. Nikasema naomba maji.

Usikasirike. Nakohoa kidogo tu wakipuliza ile dawa ya nywele, na wote wanakohoa. Mikoba siku hizi inafungiwa kabatini mwisho wa korido kwa sababu skafu moja ilipotea. Ufunguo anao mlinzi. Ni mtu mzuri, ukimwomba anakufungulia.

Kasuku


Safarini
Jumatano, 27 Machi

Kasuku,

"Naomba maji." Nimewasomea wenzangu hapa nyuma ya jukwaa, wakacheka mpaka kofia ya mfalme ikaanguka kwenye ndoo. Halafu mimi peke yangu nikaacha kucheka.

Nataka ujue najivunia. Mama Pini kumwambia mtu "anajua" si jambo dogo. Mimi nilisubiri mwaka mzima. Kusimama juu ya shuka mchana kutwa, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Endelea hivyo hivyo.

Lakini pampu kufungiwa mwisho wa korido hapana. Mwambie. Pini zikiwa mdomoni, subiri zitoke.

Dada yako


Nyumbani
Alhamisi, 4 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimechaguliwa kuvaa Gauni. Naliandika hivyo kwa herufi kubwa kwa sababu ndivyo wote wanavyolitaja.

Ni la kampuni moja ya nguo za harusi. Mwenye kampuni ni mwanamke mtaratibu, anavaa glavu nyeupe hata akishika kikombe. Gauni lilishonwa na mama yake, la kwanza kabisa, na sasa wanataka picha yake iwekwe kubwa kwenye dirisha la duka. Ni moja tu duniani. Lilikuja ndani ya sanduku, limezungushiwa karatasi nyembamba na vile vidonge vyeupe vya kuzuia nondo. Harufu yake inaingia puani kama sindano. Siku nzima iko kooni.

Halina zipu. Lina vifungo mgongoni, kuanzia shingoni mpaka chini ya kiuno, vidogo kama dengu, kila kimoja kimevikwa hariri na kina kitanzi chake cha uzi. Hakuna anayeruhusiwa kuvigusa isipokuwa Mama Pini, kwa kikulabu maalumu, kuanzia juu kwenda chini, kimoja kimoja. Ukivuta upande mmoja vitanzi vinakatika mfululizo na hakuna fundi aliye hai anayeweza kuvirudisha.

Liliwakatalia wasichana wawili kiunoni. Twiga alisema lilishonewa mwiko wa ugali. Kwangu lilifunga, ila nilipotoa pumzi yote. Mwenye Gauni alipiga makofi na glavu zake, hayakutoa sauti. Akasema, huyu hapumui kabisa, tazama, kitambaa kimetulia kama maji.

Basi nafanya mazoezi kitandani. Nimefunga shuka kifuani, nimelikaza. Kuna namna ya kupumua juu juu, kwa mabega, kidogo kidogo, bila kifua kujua. Jana nilifika mbali kabla macho hayajaanza kuona nyota. Leo nimefika mbali zaidi.

Picha ni Alhamisi ijayo. Mama nimemwambia ni makoti.

Kasuku


Safarini
Jumatatu, 8 Aprili
Kwa mkono wa dereva wa basi

Mdogo wangu,

Nimepiga simu yako mara nyingi, haipokelewi. Nimepiga ya Mama, anasema uko kwenye makoti. Nikamwambia sawa, nikakata simu.

Fungua hilo shuka kifuani. Leo. Kupumua si pozi la kufanyia mazoezi. Unakumbuka usiku ule Baba alikubeba mgongoni hadi zahanati bila viatu. Mimi nilikuwa nyuma nimeshika taa, nakumbuka rangi ya kucha zako.

Kama huwezi kusema, usiseme. Mpe Mama Pini karatasi hii, sehemu inayofuata ni yake:

Mama, shikamoo. Mtoto huyu ana pumu tangu utotoni. Harufu kali inamfunga kifua. Naomba asivae nguo iliyohifadhiwa na dawa za nondo, na asivae kitu asichoweza kuvuliwa mara moja. Na pampu yake naomba uiweke kwenye aproni yako. Hatakwambia. Hata akifa hatakwambia. Nisamehe kwa kuandika hivyo.

Kasuku, mpe tu. Huhitaji kufungua mdomo.

Dada yako


Studio
Jumamosi, 13 Aprili

Mwanangu,

Mimi si mwandishi, utanivumilia. Nakuandikia juu ya meza ya pasi. Mdogo wako yuko hai, yuko nyumbani tangu jana. Nimeanza na hilo ili usome mengine umekaa.

Alhamisi nilimfunga gauni asubuhi. Alisimama vizuri, hujawahi kuona msichana anayesimama hivyo. Mpiga picha alifurahi. Kazi ikaenda. Baadaye akaanza kusema, hapo hapo, usitikisike, kaa na macho hayo hayo. Nami nikayaona yale macho, nikasema moyoni kweli mtoto huyu ana kitu. Halafu mtoto akanyanyua mikono, akaiweka mbali na mwili, vidole vimetanuka. Tukadhani ni pozi. Taa zikaendelea kuwaka na kuzima.

Alikuwa anazuia jasho la viganja lisiguse hariri.

Twiga ndiye aliyesema midomo yake ina rangi gani ile. Hapo nikamfikia. Alikuwa hatoi sauti isipokuwa filimbi nyembamba kifuani. Nikapita nyuma, nikachukua kikulabu, nikaanza kifungo cha juu. Nikafungua. Nikashika cha pili. Mwenye Gauni alikuwa amesimama pembeni yangu, akasema, taratibu, Mama, taratibu. Twiga akapiga kelele: "Kata! Si una mkasi?"

Mkasi ulikuwa unaning'inia shingoni mwangu, mwanangu. Mkono wangu haukwenda huko. Sikukataa, haukwenda tu. Nilifungua cha tatu, nikafungua cha nne, naye anateremka mikononi mwangu, na hata akiteremka alikuwa anakunja magoti pembeni asikanyage pindo.

Twiga alikimbilia kabatini. Mlinzi hayupo, na ufunguo hakuna mwingine aliye nao. Akavunja mlango kwa mguu wa taa. Akarudi na mkoba wote, akaumwaga juu ya zulia. Tulimpa pampu nikiwa nimefika kiunoni.

Kwenye vile vitu vilivyomwagika kulikuwa na barua yako, imekunjwa ndani ya kitambaa safi. Niliisoma nimekaa sakafuni baada ya gari kumchukua. Jana nilikwenda kumwona, nikamuuliza kwa nini hakunipa. Alisema barua ilipomfikia Jumatano nilikuwa nimeshaondoka studio, na Alhamisi alitaka kunipa, lakini nilikuwa nimebeba gauni kwa mikono miwili.

Gauni halikukatika kitanzi hata kimoja. Wamenishukuru sana kwa hilo. Mwenye Gauni amenibusu mkono.

Mama yenu ameambiwa ni joto la taa. Sikumsahihisha, kwa sababu mtoto alikuwa ananiangalia. Msahihishe wewe. Na mdogo wako asirudi hapa. Mimi sitafunga kifungo kingine mgongoni mwake, wala wa mtu mwingine kwa sasa.

Mama Pini


Safarini
Jumatatu, 15 Aprili
Kwa mkono wa dereva wa basi

Mdogo wangu,

Nimesoma barua ya Mama Pini. Nimemwambia Mama ukweli wote kwa simu.  Amekukataza kwenda studio na mimi nakukataza.

Nisikilize. Nilikuandikia uwe hanga. Ulikuwa utani wa kazini, tunautupa kila siku nyuma ya jukwaa. Kila nilichokufundisha kuhusu nguo ni kweli kwa mtu ambaye, akibanwa, atapiga kelele. Nilisahau ninamwandikia nani. Nguo inakatwa. Ya dukani, ya mfalme, ya mama wa mtu yeyote. Ukibanwa, unashika kola kwa mikono miwili, unapasua, na nikisikia umepasua nitakununulia keki.

Tuna onyesho la mwisho Ijumaa. Jumamosi niko nyumbani. Nisubiri. Usifanye lolote, lala tu.

Dada yako


Nyumbani
Alhamisi, 18 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako imefika, na nimelia kidogo kwa sababu hujawahi kuniandikia kwa hasira. Najua mmeogopa. Mama ananiangalia nikilala kama alivyokuwa akifanya zamani. Lakini nyote mnaongea kuhusu Alhamisi kama vile ni ajali tu, na mimi nilikuwepo ndani yake.

Nikueleze ambayo Mama Pini hakuyaandika. Mwenye Gauni alikuja hapa nyumbani Jumapili, Mama akiwa kazini. Alivua glavu zote mbili kunisalimia. Alisema tangu mama yake afariki hajaona mtu akiliheshimu gauni lile namna ile, kwamba mtu mwingine yeyote angelipasua, na mimi nilikuwa nalilinda hata nikianguka. Alisema nina kitu ambacho hakifundishiki. Machozi yalimtoka. Mtu mzima, Dada, analia kwa ajili ya jambo nililofanya mimi.

Amenionyesha picha waliyochagua. Ni ile ya mwisho kabisa, mikono ikiwa mbali na mwili. Mpiga picha anasema kwa miaka yake yote hajapata macho kama yale. Nimejitazama muda mrefu. Sikujua kwamba ninaweza kuonekana kama mtu anayetaka kusema kitu.

Sasa kuna gauni la pili. Aliniambia mimi kwanza, kabla ya wakala yeyote wa wanamitindo. Hili halina vifungo kabisa, kwa hiyo usiogope habari ya vifungo. Ni kitambaa kizima, kinashonwa mtu akiwa ndani yake, ili mgongoni kusionekane mshono hata mmoja. Mama Pini hatakuwepo. Ameacha kazi studio bila kuniaga, nadhani bado amenikasirikia kwa kumwaibisha. Twiga naye hayupo, wamemfukuza kwa ajili ya mlango wa kabati. Mwenye Gauni ataleta msichana wake mwenyewe, bado anajifunza, lakini ana mkono mwepesi sana na haongei, tutapatana.

Na jambo lililo kubwa ni hili, nataka ulijue kutoka kwangu. Leo asubuhi tulikwenda kujaribu kitambaa, Mama alidhani niko kwa jirani. Walikuwepo watu wengi, wa kampuni na wa studio. Mwenye Gauni akaniuliza mbele yao wote kama niko sawa kiafya, kama kuna chochote wanachopaswa kujua. Wote wakanigeukia. Zamani ningeangalia viatu. Dada, nilinyanyua kichwa, nikajibu kwa sauti mpaka waliokuwa mlangoni wakasikia. Nikasema niko sawa kabisa.

Walinipigia makofi.

Picha ni kesho, Ijumaa. Mama anatoka alfajiri, nitatoka baada yake na nitarudi kabla yake. Barua hii nampa dereva jioni hii, itakukuta njiani au itakukuta unafungasha. Kwa hiyo kama ulipiga simu Ijumaa mchana na haikupokelewa, usiwe na wasiwasi. Nilikuwa nimevaa.

Mdogo wako,
Kasuku